Bei Tatu za Injini Moja

Ruiru, 4 Februari 2025

Shemeji Kiama,

Salamu nyingi kwako na kwa mkeo Gathoni. Najua utacheka ukiona bahasha hii. Nimepiga simu yako siku nzima, mwisho Gathoni akaniambia simu iko chini ya gari na wewe uko chini ya simu. Basi nimeamua kufuata desturi ya marehemu mume wangu. Wewe na Dalmas mliandikiana miaka yote, tangu mlipokuwa mkipokezana mashine moja kiwandani Thika, yeye mchana na wewe usiku, mkiachiana vikaratasi kwenye kisanduku cha spana. Hata alipohamia huku Ruiru na wewe ukafungua gereji Makongeni, hamkuacha. Dereva wa gari la mkate aliyekuwa posta yenu amekubali kuwa posta yangu, mradi nimpe chapati mbili.

Tangu uivute gari yetu ya Probox ukaenda nayo, biashara yangu inatambaa. Chakula cha wanafunzi wa Juja napeleka kwa bodaboda. Jana ndengu zilimwagika mgongoni mwa kijana wa boda, akaniuliza, "Mathe, hii ni lunch ama ni kuoga?" Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nililia. Mwezi mmoja zaidi wa hivi na nitakuwa nimepoteza wateja wote.

Umesema injini imekufa. Sawa. Dalmas alinifundisha nisinunue kitu kwa bei ya kwanza, kwa hivyo nimeuliza. Githae, yule wa duka la vipuri karibu na barabara ya bypass, anataka elfu themanini na tano kwa injini iliyotoka Japani. Chege wa Nairobi anataka laki moja na tano, pamoja na gearbox. Githae ameongeza kwamba injini ikibadilishwa, namba yake lazima ibadilishwe kwenye logbook, ile hati ya gari, na kazi hiyo ataifanya kwa elfu saba. Sasa nipe bei yako, na uniambie ipi kati ya hizi ndiyo rahisi kweli, maana mimi kwa chapati ni profesa lakini kwa injini ni mtoto wa nasari.

Pesa nitakayotumia unaijua. Ni ile iliyobaki kwenye mchango wa mazishi, uliyonikabidhi mwenyewe ukiwa mweka hazina wa kamati. Niliiweka kwa ajili ya nyumba ya Dalmas huko Ugunja. Unakumbuka tulimzika kando ya kibanda cha mabati tulichokisimamisha haraka haraka kwa sababu kwa mila yetu mwanamume hawezi kuzikwa kwenye boma lao bila nyumba. Kibanda kile kimeinama. Mama mkwe huniuliza kila Jumapili nitajenga lini, nami humjibu Desemba. Kila nikiigusa pesa hiyo naona ninamfunulia mtu paa akiwa amelala.

Shemeji yako,
Benta, mama Calvince


Thika, 6 Februari 2025

Shemeji Benta,

Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya mafuta ya chapati. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya harufu.

Umefanya vizuri kuuliza bei. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Githae amekuambia elfu themanini na tano kwa injini tupu. Tupu kabisa, kama kuku aliyenyonyolewa. Starter, alternator na sensa utanunua kando, na hizo peke yake ni karibu elfu thelathini. Ongeza mipira ya kushikilia injini, oili, maji ya rejeta, usafiri na kazi ya fundi. Rejeta yako nayo imetoboka, na ukiweka injini mpya kwa rejeta mbovu umeoa upya ukakaa kwa mama mkwe wa zamani. Mwisho wa hesabu Githae amefika laki moja na sitini, na hajakuambia kwamba ikikataa kuwaka, hairudishwi. Chege naye anakuuzia gearbox usiyoihitaji. Yako ni nzima. Nayo ikifika hapa utalipia usafiri, utalipia fundi, utalipia vitu vile vile.

Mimi nakupa bei moja isiyo na mkia: laki moja na hamsini. Injini kutoka Japani, vitu vyake vyote, rejeta, oili, kazi yangu, na miezi sita nikiitazama bure.

Ya zamani usiihuzunikie. Nilipoifungua, oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiona hivyo, injini imekwisha, hata Mjapani mwenyewe angelia. Usijisumbue kuja gereji, mvua imefanya hapa kuwa bwawa la viboko.

Unakumbuka nilivyosema kando ya kaburi, mama yake akiwa ameketi pale: gari la Dalmas halitalala njiani nikiwa hai. Sijasahau.

Ndimi,
Kiama


Ruiru, 10 Februari 2025

Shemeji Kiama,

Nimekutumia pesa zote kwa simu leo asubuhi, utaziona ukitoka chini ya gari. Githae nimemwambia hapana. Alinitazama akasema, "Sawa mama, kama una mtu wako, mtu wako ni mtu wako." Nilijisikia vizuri kuwa na mtu wangu.

Ninakuomba kitu kimoja. Injini ya zamani usiitupe ovyo. Dalmas alikuwa akiifuta kwa kitambaa kila Jumapili wakati wenzake wako kanisani. Nikimlaumu ananiambia, "Mungu ndiye aliyetengeneza mfuta injini." Sijui mtu hufanya nini na injini iliyokufa, lakini niambie imeenda wapi.

Benta


Thika, 24 Februari 2025

Shemeji,

Gari liko tayari, na huyu dereva wangu analileta pamoja na barua. Fungua boneti uone. Inang'aa hadi utajiona uso.

Injini ya zamani nimeiuza kwa watu wa vyuma kuukuu. Wamenipa elfu sita. Fundi mwingine angeitia mfukoni na usingejua, lakini kilicho chako ni chako. Ziko ndani ya bahasha. Zichukue kama salamu ya mwisho ya Dalmas kwako.

Endesha polepole wiki ya kwanza.

Kiama


Ruiru, 3 Machi 2025

Shemeji Kiama,

Mungu akubariki. Elfu sita zile zilinitoa machozi mbele ya dereva wako, akadhani gari lina kasoro. Nani siku hizi hurudisha pesa ambayo mwenyewe hakujua ipo? Nimesimulia kanisani. Nimesimulia hata kwa Githae, kusudi aone haya kidogo.

Sikuila pesa hiyo. Nimemnunulia Gathoni sufuria kubwa, ile nzito ya kupikia watu hamsini, maana alisema siku moja kwamba kila sherehe anaazima. Dereva wa mkate ataileta kesho.

Gari linakwenda vizuri kabisa. Nitakuambia jambo na usinicheke. Nikiliwasha asubuhi, injini inakohoa kidogo kabla ya kutulia, vile vile kama ile ya Dalmas. Siku ya kwanza nilikaa ndani ya gari nikasikiliza hadi Calvince akaja kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ninamsikia baba yake. Akaniambia, "Mathe, unahitaji usingizi."

Sasa ile logbook. Utanipa lini karatasi za injini mpya nikabadilishe namba? Nimesikia kwamba ukipata ajali na namba hazilingani, bima wanakugeuzia mgongo. Nami nabeba watu na chakula kila siku.

Benta


Thika, 15 Machi 2025

Shemeji,

Gathoni amelala na sufuria kitandani. Natania, lakini ni karibu hivyo. Asante sana.

Injini za Japani zote ni ndugu, zinakohoa namna moja. Nafurahi kama inakufariji. Na hayo mambo ya logbook achana nayo. Hakuna anayebadilisha. Nimeweka injini kwenye magari sijui mangapi na sijaona polisi akifungua boneti kusoma namba. Ni kutupa pesa na kupanga foleni. Karatasi nitazitafuta nikipata nafasi.

Nina habari njema. Njambi wetu amepata mchumba, kijana mpole wa Juja. Wazazi wake wanataka kuja kwetu Agosti kuanza mahari. Lakini unajua mila zetu: mimi siwezi kupokea mbuzi wa binti kama mbuzi wa mama yake sijamaliza kutoa. Miaka ishirini na mitatu mzee Karanja, babake Gathoni, ananidai na hasemi kitu, na huko kutosema ndiko kunaua. Sasa Mungu amenifungulia mlango, nimepata kazi kubwa ya mteja mmoja wa Membley. Tarehe kumi na mbili Aprili tutafanya ngurario, ile sherehe yetu ya kukamilisha ndoa. Nitakata kiande, bega la mbuzi, mbele ya watu wote, na hakuna atakayesema tena kwamba Gathoni anakaa kwangu kama mgeni.

Uje. Na kama utaweza, utupikie zile chapati.

Kiama


Thika, 14 Aprili 2025

Mpendwa Mama Calvince,

Mimi si mwandishi kama hao wengine, lakini leo nimeona lazima.

Asante kwa chapati mia tatu. Asante kwa kukataa malipo. Wazee wa kwetu wanauliza mpaka sasa yule mama Mjaluo aliyekuwa akicheza kuliko wenye sherehe ni nani, nami nawaambia huyo ni dada yangu.

Najua kwa nini ulitoka nje Kiama alipokuwa akikata kiande. Nilikuona. Ulikuwa unamkumbuka Dalmas. Mimi nami nilimkumbuka, angesimama karibu na Kiama akimshikia sahani. Ulirudi ukiwa umenawa uso na ukapiga kigelegele cha kwanza. Sitasahau.

Huwezi kujua jambo hili lilivyokuwa limenikaa kooni. Dada zangu wote walitolewa mbuzi, mimi peke yangu nilikuwa "yule aliyemfuata fundi." Nikienda nyumbani, mama alikuwa akinikaribisha vizuri mno, kama unavyomkaribisha mgonjwa. Juzi baba alinishika kichwa mbele ya watu akasema sasa anaweza kuzeeka. Nilitamani kulala chini nicheke.

Sufuria yako ilipika nyama yote. Ubarikiwe.

Mimi,
Gathoni wa Kiama (tazama, sasa naandika hivi bila haya)


Ruiru, 22 Mei 2025

Kiama,

Jana nilipeleka gari kwenye ukaguzi. Niliona nikikusubiri ulete karatasi nitazeeka, na nilitaka kila kitu kiwe sawa kabla ya safari ya Ugunja. Nilijisemea nitakufanyia mshangao, nikuondolee mzigo.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja anayeitwa Maluki, mpole, mwenye miwani. Nikamwambia nimekuja kubadilisha namba ya injini. Alifungua boneti, akachukua kitambaa, akafuta chuma pale chini, akasoma namba kwa tochi. Akaichukua logbook. Akasoma tena. Halafu akanitazama kwa namna ambayo sijaipenda hadi sasa, akasema, "Mama, umekuja kubadilisha nini? Injini ni hii hii."

Nikamwambia asome tena, kwa sababu hii ni mpya, imetoka Japani, nimeilipia. Akanipa tochi nikasome mwenyewe. Nilisoma nikiwa nimepiga magoti kwenye kokoto na rinda langu la kanisa.

Nilipita kwa Githae njiani. Sikumwambia jina lako. Nilimwuliza tu, oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, injini imekufa? Akacheka: "Hapana, mama. Hiyo ni gasketi imepasuka, maji yanaingia kwa oili. Unasawazisha kichwa cha injini, unaweka gasketi mpya, siku mbili umemaliza." Nikamwuliza bei. Akasema pamoja na rejeta, elfu thelathini na tano, tena hapo fundi amekuonea.

Ninaandika nikiwa na imani kwamba kuna jambo sijalielewa. Nieleze, shemeji.

Benta


Thika, 24 Mei 2025

Shemeji Benta,

Barua yako imenishtua sana. Sikulala.

Ninavyoona mimi kuna makosa mahali. Yule muuzaji niliyechukua injini kwake ni mtu wa maneno mengi, huenda alinichezea. Tena injini za aina moja namba zake hukaribiana sana, na huyo mkaguzi anasoma magari mengi kwa siku, macho yanachoka. Githae usimsikilize, ulimnyima kazi, ana kinyongo.

Kwani gari si linakwenda? Si linakufikisha Juja kila siku? Hilo ndilo la maana. Tusiache maneno ya watu yaingie kati yetu. Fikiria tulikotoka, wewe, mimi na Dalmas.

Nitamtafuta huyo muuzaji nimshike shati.

Kiama


Ruiru, 29 Mei 2025

Kiama,

Njia ya mwongo ni fupi. Umesema namba hukaribiana. Kweli, hizi zimekaribiana hadi zikawa zile zile, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Na uliniambia umewauzia watu wa vyuma kuukuu injini ambayo iko ndani ya gari langu. Elfu sita zile zilitoka wapi? Zilitoka kwangu. Ulinipa pesa yangu ukaniambia ni salamu ya Dalmas, nami nikasimama kanisani nikakusifu, watu wakasema amina.

Nimekaa na jambo hili nikilipindua. Nimejicheka pia, maana nilijiona mjanja. Niliuliza watu watatu bei ya injini. Sikumwuliza hata mmoja kama injini imekufa. Hilo nililichukua kutoka kwako kama ninavyochukua kwamba leo ni Alhamisi. Ukanifundisha kupima bei za wenzako, hii ina mkia, hii haina, na yote uliyosema juu yao yalikuwa kweli. Ni wewe tu hukujiweka kwenye mizani.

Halafu nikaona kingine, na hicho ndicho kimenivunja. Ulinikabidhi laki moja hamsini na sita siku ile ya kamati. Ulihesabu mbele ya wazee. Hakuna fundi mwingine duniani aliyejua nina kiasi gani. Bei yako ilikuwa laki moja na hamsini. Bei hiyo haikutoka kwa injini, Kiama. Ulinitazama mfukoni ukaandika ulichokiona. Ningekuwa na laki mbili, injini ingekuwa laki mbili kasoro kidogo.

Na hakuna mteja wa Membley. Mteja wa Membley ni mimi. Nilipika chapati mia tatu nikapiga kigelegele juu ya mbuzi walionunuliwa kwa nyumba ya mume wangu, na wewe ulinitazama nikicheza.

Mama mkwe alipiga simu Jumapili. Nimemwambia Desemba. Sasa mimi pia ni mwongo.

Sitamwambia Gathoni. Sina moyo wa kumnyang'anya furaha aliyoingoja miaka ishirini na mitatu. Lakini wewe nataka unijibu, na usinijibu kama fundi.

Benta


Thika, 5 Juni 2025

Benta,

Ni kweli.

Nilipoifungua injini siku ile nilijua ni gasketi. Nilikaa chini na spana mkononi. Kijana wa Juja alikuwa amekuja kwetu wiki hiyo hiyo na Njambi akanitazama, na nikajua hana baba anayeweza kumpokelea mbuzi. Nilisema nitakopa kwako bila kukuambia, halafu nitarudisha kabla ya Desemba, na wewe utakuwa na gari zima na hutajua. Nilijiambia hata ni kama nimekutengenezea bure. Mtu akitaka kuamini jambo anaamini.

Gasketi niliiweka kwa mikono yangu, na ni nzuri. Injini hiyo itakufikisha Ugunja na kurudi mara mia. Katika hilo sikudanganya.

Nitakulipa. Elfu tano kila mwezi, nikipata zaidi nitaongeza. Ninakuomba kitu kimoja kwa jina la Dalmas: Gathoni asijue. Wazazi wa kijana wanakuja Agosti. Akijua, kila kitu kitaanguka. Ninyi wawili ni kama dada. Mwonee huruma yeye, si mimi.

Kiama


Ruiru, 9 Juni 2025

Kiama,

Jina la Dalmas liweke chini. Umelitumia vya kutosha.

Elfu tano kwa mwezi. Ninajua hesabu kiasi cha kujua hiyo ni miaka miwili na zaidi, na mabati hayaningoji. Lakini pesa si jambo kubwa kwangu leo. Ungeniambia, "Benta, nimebanwa, nikopeshe, mila zimenishika shingo," ningekupa. Unajua ningekupa. Ninatoka kwenye watu wanaojua mila inavyomshika mtu shingo, maana hata mimi ninajengea marehemu nyumba. Ulikuwa na mlango wazi ukaamua kupitia dirishani.

Hili ndilo nataka. Wewe mwenyewe umwambie Gathoni, kwa kinywa chako. Halafu Desemba uje Ugunja, usimame pale pale uliposimama kando ya kaburi, mbele ya mama mkwe, urudishe yale maneno uliyosema ya gari kutolala njiani. Hayo mawili ukiyafanya, pesa utalipa taratibu hata kama ni miaka mitano.

Asubuhi hii niliwasha gari, injini ikakohoa. Kumbe sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa namsikia kweli.

Benta


Thika, 23 Juni 2025

Mama Calvince, dada yangu,

Dereva wa mkate hakumkuta Kiama gereji tarehe ile ya mwisho wa Mei, akaniachia mimi barua yako. Bahasha ilikuwa haijagundishwa vizuri. Nilidhani umeandika habari za mapishi, nikasema nisome nicheke. Nilisoma nikiwa nimesimama. Halafu nikairudisha ndani, nikaifunga kwa uji wa unga, nikaiweka mezani pake kama haijaguswa.

Nilitaka aniambie mwenyewe. Nilimngoja. Alikuja jioni, akaisoma chooni, akatoka akaniuliza kama kuna chai. Siku ya pili akatengeneza bawaba ya mlango niliyomlilia tangu mwaka jana. Siku nyingine akaniletea ndizi za kuiva. Kila siku alikuwa mwema kidogo zaidi, na kila akiwa mwema moyo wangu ulizidi kuwa baridi. Barua yako ya pili pia niliiona, safari hii mfukoni mwa ovaroli nikifua. Ulimpa njia. Nikasema basi leo ataniambia. Aliniuliza kama ovaroli imekauka.

Jumatano nilienda kwa baba. Sikumwomba Kiama ruhusa. Nilimwambia mzee Karanja kila kitu, na mama akiwepo. Baba hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Huyo mama mwenye pesa hiyo ndiye yule aliyetupikia?" Nikamwambia ndiye. Halafu akachukua fimbo yake akaenda zizini, akawafungua mbuzi wote waliobaki, akasema hawezi kuzeeka juu ya mali ya mjane.

Nimewauza sokoni Jumamosi. Waliochinjwa siwezi kukurudishia, wala pombe, wala blanketi alilopewa mama, ingawa mama alitaka kulivua. Ni elfu sabini na mbili, nimekutumia kwa simu. Kiasi hicho hakitoshi nyumba, lakini kinaezeka paa. Iliyobaki ni deni la Kiama, na nimemwambia nitakuwa nikiifuata mimi mwenyewe gerejini kila mwisho wa mwezi.

Njambi nimemwambia. Alilia, kisha akampigia kijana wake akamwambia wazee wasije Agosti. Sijui kama watangoja. Ninaogopa sana, dada, na ninaona haya hata kuandika kwamba ninaogopa, mbele yako wewe.

Kiama amekaa nje kwenye ngazi tangu Jumamosi. Anasema atakuja Ugunja Desemba. Ukimwona amekuja, umpe kiti. Asipokuja, nitakuja mimi na nitayarudisha maneno yale badala yake.

Sufuria yako imo ndani ya gunia hili. Nimeisugua kwa majivu, lakini bado inanuka nyama ile. Nisamehe, siwezi kuipikia tena.

Kwetu, mbuzi wakirudishwa, ndoa imerudi nao. Nina miaka arobaini na sita, nina binti mkubwa, na mimi bado sijaolewa.

Dada yako,
Gathoni wa Karanja